Sindano za Paris dhidi ya kichaa cha mbwa

Kabla ya mwaka 1885, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huko Ulaya alipelekwa kwa mhunzi au daktari, na jeraha likachomwa kwa chuma chekundu cha moto. Maumivu yalikuwa ya kutisha, na mara nyingi tiba hiyo haikumwokoa.

Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja kutoka Alsace alimfikisha Paris mwanawe, Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9. Mbwa alikuwa amemng'ata mara nyingi mikononi na miguuni siku mbili kabla. Aliyewapokea, Louis Pasteur, alikuwa mkemia na hakuwa na ruhusa ya kutibu watu, hivyo sindano zilichomwa na daktari Jacques-Joseph Grancher. Dawa yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa, uliokaushwa ili makali ya ugonjwa yapungue. Walianza na uti uliokauka zaidi, wakapanda siku hadi siku kuelekea ule mkali. Ujasiri huo ulikuwa mkubwa, na wa hatari pia.

Mtoto alipona. Machi 1886 walifika Warusi 19 kutoka Smolensk, walioraruliwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, na 16 walinusurika.

Chanjo ya leo ni salama zaidi, lakini haingoji dalili: zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.