Mkanda wa jeshi ulipokuwa hukumu

Jinja ya mwisho wa miaka ya 1980 haikungoja maabara. Mtu akitokewa na mkanda wa jeshi, ambao Waganda huuita kisipi, majirani walikuwa wameshamaliza kesi: ana Silimu, yaani Ukimwi. Nilikuwa muuguzi kijana. Wanawake walikuja wamejitanda shuka jua kali ili makovu ya shingoni yasionekane.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Oktoba 1985, huko Bangui, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliandika jinsi ya kutambua Ukimwi pasipo kipimo cha damu. Kukonda sana, kuhara na homa ya zaidi ya mwezi zilikuwa dalili kubwa. Mkanda unaojirudia ukawekwa kwenye dalili ndogo. Zilitakiwa kubwa mbili na ndogo moja. Mtaani hesabu ilifupishwa: mkanda mmoja, na mtu ameshazikwa kwa midomo.

Wazee nao walikuwa na lao: ncha mbili za mkanda zikikutana, mgonjwa hafiki mbali. Nimewaona watu wakipimana kwa vidole kila asubuhi. Kumbe ncha hizo kwa kawaida hazikutani. Virusi ni vilevile vya tetekuwanga ya utotoni. Hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na kinga ikilegea huteremka na neva moja, upande mmoja wa mwili. Upele ukitapakaa mwili mzima, hapo ndipo kinga imechoka kweli.

Tulikuwa na dawa ya zambarau, losheni ya kalamini na panado. Asikloviri tuliisoma vitabuni tu, ingawa Gertrude Elion, ambaye dawa hiyo ilitoka katika maabara yake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu, na wagonjwa wetu walifika wiki imepita, wameshapaka majani na majivu.

Nilipohamia Mbale, TASO, shirika la kuwasaidia wenye Ukimwi lililoanzishwa na Noerine Kaleeba na wenzake mwaka 1987, lilikuwa na vituo katika miji yote miwili, na watu walikuwa wakilitaja gonjwa mchana kweupe. Kisha, kuanzia 2004, ARV zikaanza kutolewa bure. Wengine walitokewa na mkanda miezi ya kwanza ya dawa, kwa kuwa kinga ilikuwa inaamka. Wakadhani dawa zinawaua, na kuwashawishi waendelee ilikuwa kazi.

Kwa maoni yangu, tuliogopa chanzo tukasahau maumivu. Malengelenge hukauka, neva ikabaki imeumia. Mkulima mmoja wa kahawa kutoka mlimani alivua shati ofisini kwangu miezi mingi baada ya kupona. Kitambaa tu kilimchoma. Amitriptilini kidogo usiku ilimpa usingizi.

Siku hizi wanaokuja ni wazee zaidi, kwani umri nao hulegeza kinga. Kipimo cha VVU tunakipendekeza bado, bila minong'ono. Ila mwenye malengelenge kwenye paji la uso na ncha ya pua simwekei foleni. Anakwenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, maana neva hiyo inafika jichoni.