Hazina Isiyo na Wachimbaji

Ni nadra makada kujadili vitabu vya watoto. Tunajadili bei ya pamba na hali ya dunia. Hadithi anayosoma mtoto tunamwachia mwalimu. Hilo ni kosa, na historia ya kitabu kimoja yatosha kulionyesha.

Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa kwa Kiswahili hadithi ya H. Rider Haggard, ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Ilisomwa shuleni Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Wengi wetu tuliisoma kwa shauku, wala hatuoni haya kukiri. Lakini kitabu chenyewe kilichapishwa London mwaka 1885, mwaka uliomalizika mkutano wa Berlin, na mwandishi hakuwa mtazamaji tu. Mwaka 1877 alikuwa ofisa kijana huko Pretoria, akashiriki kupandisha bendera ya Uingereza baada ya Transvaal kutwaliwa. Kitabu alikitunukia wavulana, wakubwa kwa wadogo.

Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima, wanamrudisha Ignosi, mrithi halali, kwenye kiti cha ufalme, kisha wanaingia pangoni na kukuta makasha ya almasi. Tuulize swali moja tu: ni nani aliyezichimba? Hadithi yataja watu wa kale waliokwisha kutoweka. Almasi zimekaa tayari, zikimngoja mwenye mifuko mipana. Huko Kimberley almasi za kweli zilichimbwa na Waafrika waliotembea kwa miguu kutoka mbali. Mwaka huo huo wa 1885 makampuni yalianza kuwafungia katika kambi zenye uzio kwa muda wote wa mkataba, wakipekuliwa mwili mzima wasije wakatoka na jiwe. Katika hadithi Quatermain anajaza mifuko yake, na hakuna wa kumpekua.

Kumfuta mfanyakazi namna hii hakukuishia vitabuni. Mwaka 1871 Karl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe, akayahusisha na Malkia wa Sheba. Mabeberu waliipenda nadharia hiyo, kwani nchi ambayo wenyeji wake hawakujenga kitu ni rahisi kuitwa nchi isiyo na mwenyewe. Msafara wa kampuni ya Rhodes uliingia mwaka 1890. Mwaka 1895 ikaundwa kampuni ya kusaka dhahabu ndani ya magofu ya nchi hiyo. Mwaka 1905 Randall-MacIver alieleza kwamba waliojenga ni Waafrika. Gertrude Caton-Thompson alichimbua tena na kufikia uamuzi huo huo mwaka 1929, mwaka ule ule tulioletewa Sulemani kwa Kiswahili.

Kwa haki tuseme kwamba mwishoni Ignosi anakataa wafanyabiashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Kwa hiyo Haggard alijua. Ila mtoto wa miaka kumi na miwili anapofunga kitabu anakumbuka almasi.

Wapo ndugu wanaosema dawa ni kumwondoa Mzungu na kumweka mtemi. Hatukubaliani nao. Mtemi anayeshinda vita peke yake, huku wapagazi na wapishi wake hawana hata majina, ni Quatermain aliyebadilishwa rangi. Kasumba ni ile ile: historia hufanywa na mabwana, na umma hubeba mizigo. Wala hatusemi mtoto apewe hotuba badala ya hadithi. Mtoto hukimbia hotuba, na ana haki.

Hatari, siri na safari za usiku zimo tele katika historia ya umma. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na serikali ya Wajerumani. Kabla ya hapo habari za maji zilikuwa zimenong'onezwa kijiji hata kijiji, wakubwa wasijue. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hivyo. Mwandishi wa watoto anaweza kuanzia hapo: shamba la pamba, watu wachache wamesimama, na mmoja wao ameinama kushika mche wa kwanza.