Besi Iliyobaki Ndani ya Sahani

Katika majlisi za Maskati, ukitaja sabufa na taarab kwa pamoja, humkosi mzee wa kukukatiza. Taarab ya asili, atakwambia, ilikuwa udi, fidla na sauti ya mwimbaji. Mdundo wa kutikisa madirisha ni wa vijana na rusha roho yao. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini katika hili tunaona historia iko upande mwengine. Masikio yao yalizoeshwa na pembe ndogo.

Pwani yetu inaijua pembe tangu zamani. Siwa ya Pate, iliyotengenezwa kwa pembe ya ndovu na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, ina urefu unaozidi mita mbili, na mtu mmoja akiipuliza husikika mbali. Siri yake ni kupanuka kidogo kidogo: hewa chache ya ndani hupata njia ya kuisukuma hewa nyingi ya nje. Kinanda cha santuri kilitumia siri hiyo hiyo. Sindano hutikisa kiwambo kidogo, pembe hukuza, wala hapana umeme.

Lakini sauti nene ina wimbi refu. Mlio wa mitetemo 40 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 8.6, na pembe ya kuutoa sawasawa mahali pa wazi inataka mdomo wenye mzingo kama huo, yaani upana wa mita 2.7. Nani angeuingiza nyumbani? Vinanda vya majumbani vilikuwa na pembe fupi, nyengine zimefichwa ndani ya sanduku, na chini ya sauti fulani vilinyamaza tu.

Sasa tumtazame Siti binti Saad. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za His Master's Voice. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, yaani 1925, kampuni kubwa zilikuwa zimeanza kurekodi kwa maikrofoni. Kabla ya maikrofoni wanamuziki waliimbia mdomo wa pembe, na ngoma nzito iliwekwa mbali au kuachwa kabisa, maana pigo moja lingeweza kuirusha sindano ya kuchonga. Kwa hiyo Siti na wenzake walirekodi wakati ambapo ngoma imepata nafasi ya kuingia kwenye sahani. Kuingia ni jambo moja, kutoka ni jengine. Mafundi walipunguza makusudi sauti za chini, kwa kawaida zilizo chini ya mitetemo 250 hivi, ili mifereji ya sahani isigongane. Mashine ya umeme ingeweza kuzirudisha. Kinanda cha kutia ufunguo hakikuweza. Besi ikapunguzwa mara mbili, mara moja Bombay na mara ya pili Unguja, barazani kwa bibi zetu. Salim Rashid Suri, baharia wa Sur aliyerekodi pia Bombay, sahani zake zilipita njia hiyo hiyo.

Waliolitatua jambo hili kwa ajili ya nyumba za kawaida walitumia pembe nyengine: pembe ya chumba. Paul Voigt huko Uingereza katika miaka ya 1930, na Paul Klipsch huko Marekani katika miaka ya 1940, waliona kwamba kuta mbili na sakafu zikikutana zinaendeleza kazi ya pembe bure. Sauti haina pa kutawanyika ila thumuni moja ya nafasi, basi mdomo nao unatosha kuwa thumuni. Wa mita 2.7 unageuka mraba wa sentimita 86 kwa 86, na urefu uliobaki unakunjwa ndani ya sanduku kama nguo.

Wenzetu wa klabu wameunda moja kwa plaiwudi ya milimita 18 na spika ya inchi 12. Kuta za zege na matofali ya saruji za Maskati zinaifaa sana. Ukuta mwepesi wa mbao ungetikisika na kuila besi. (Tunashuku nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe zingeifaa zaidi.) Kazi ngumu haikuwa seremala. Kazi ilikuwa kumshawishi mama mwenye nyumba kwamba mito ya kona ya majlisi ihame.

Tukipiga nakala za sahani za zamani na kuzirudisha sauti za chini kwa kiasi kilichopunguzwa, pigo la chini la dumbaki linasimama peke yake, halijifichi tena nyuma ya fidla. Udi nao unapata tumbo. Pamoja nao huja mngurumo wa mota iliyozungusha sahani, ambao pembe hii haina huruma nao, na inabidi kuuchuja kwa uangalifu chini ya mitetemo 30 hivi. Baadhi ya wazee waliosikiliza walitaka tuuache.