Saa ya Alama: Umri Unaosomwa Kwenye Damu

Mjini Gisenyi nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, tiketi ya basi huandikwa 7:00, lakini anayezungumza Kiswahili huisoma saa moja asubuhi. Kinyarwanda nacho husema hivyo hivyo, "saa moya". Mshale ni mmoja, hesabu ni mbili: moja inaanzia usiku wa manane, nyingine mapambazuko.

Umri nao una hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kalenda. Ya pili ni ya mwili, na kifaa cha kuisomea wataalamu hukiita saa ya epijenetiki.

Saa hiyo haina mshale. Juu ya DNA hubandikwa vijikemikali viitwavyo methili, ambavyo husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Miaka ikipita, baadhi ya sehemu huongezewa alama hizo, nyingine huzipoteza. Mwaka 2013, Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikusanya data za sampuli karibu 8,000 ambazo watafiti wengine walikwisha kuziweka wazi. Kompyuta ikachambua zaidi ya sehemu 21,000 za DNA na kubakiza 353 tu zinazotosha kukadiria umri, kwa kosa la kati la takriban miaka 3.6. Hapo sayansi ya data ilifanya kazi ambayo hadubini pekee isingeiweza.

Je, iitwe nini kwa Kiswahili? "Saa ya jeni" ni fupi, ila inapotosha, na "saa ya vinasaba" ina kasoro ile ile. Msomaji aliyezoea kusikia "vipimo vya vinasaba" katika kesi za uzazi atadhani kinachopimwa ni urithi wenyewe, ilhali herufi za urithi hazibadiliki. Kinachobadilika ni kilichobandikwa juu yake. Hiyo ndiyo maana ya "epi" ya Kigiriki: juu ya. "Saa ya alama za vinasaba" ni jina refu kidogo, lakini linasema ukweli, na katika mazungumzo linaweza kufupishwa kuwa "saa ya alama".

Jina hilo linafaa pia kwa sababu alama huweza kufutwa. Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha mwaka 2006, kwa seli za panya, kwamba jeni nne zinatosha kuirudisha seli iliyokomaa katika hali ya uchanga. Horvath alipozipima seli za binadamu zilizorudishwa hivyo, saa yake ilisoma umri unaokaribia sifuri. Utafiti wa kuhuisha viungo vilivyochakaa umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya ugunduzi wa Yamanaka.

Nchini Rwanda, alama hizi zimechunguzwa kwa swali jingine. Mwaka 2022, Clarisse Musanabaganwa, Léon Mutesa na wenzao walichapisha uchunguzi wa awali wa damu ya wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, pamoja na watoto waliozaliwa. Walikuta tofauti za methili kwa mama na kwa mtoto. Hawakuwa wanapima uzee, lakini walikuwa wakisoma maandishi yale yale.

Uholanzi imekwenda mbali zaidi. Utafiti wa mwaka 2024, uliohusisha watu 951, uliona kwamba waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944–1945 walizeeka kwa kasi zaidi kwa kipimo cha alama, takriban miongo sita baadaye. Huko watafiti walisaidiwa na kumbukumbu za uzazi na za mgao wa chakula.

Muda mfupi kabla ya njaa hiyo, 1943–1944, Rwanda nayo ilikumbwa na njaa ya Ruzagayura, na wengi walivuka mpaka kutafuta chakula. Mzee wa Gisenyi asiye na cheti cha kuzaliwa akisema alizaliwa wakati wa Ruzagayura, amempa mtafiti mambo mawili kwa neno moja: mwaka wake, na njaa aliyoikuta tumboni.