Kabro zinazojipanga zenyewe

Ushawahi kusimama ukatazama mafundi wakiweka kabro kando ya barabara? Mmoja anavuta kamba, mwingine anabeba, mwingine anagonga na nyundo ya mpira. Siku nzima, mita chache tu. Sasa fikiria umwage lori zima la kabro chini, uende kunywa chai, ukirudi upate zimejipanga zenyewe, safu kwa safu, bila fundi. Ungesema kuna mganga hapo.

Kumbe bakteria wanafanya hivyo kila siku. Mimi nilielezwa na binamu yangu anayesomea maikrobiolojia, yule ambaye kila Disemba tukienda ushago anaulizwa na maanko, “Sasa hiyo kozi italeta ugali?” Nimefuatilia historia ya hii kitu, na nadhani hao maanko wanastahili jibu.

Rudi nami hadi 1953, Uholanzi. Mtafiti anayeitwa A. L. Houwink alikuwa anaangalia bakteria wa jamii ya Spirillum kwa hadubini ya elektroni. Nje kabisa ya ukuta wa seli akaona tabaka moja la chembe zilizopangwa kwa mpangilio, kama sakafu. Akaandika alichoona. Dunia haikusimama. Hakuna aliyeomba kumpiga picha.

Na kuna sababu moja ya kuchekesha iliyofanya tabaka hili lipuuzwe kwa muda. Bakteria wakifugwa maabara muda mrefu, wakilishwa vizuri na bila adui, wengi huacha kulitengeneza. Si wako starehe? Kwa hiyo wanasayansi walikuwa wanachunguza bakteria waliovua koti, halafu wanasema hawajaona koti. Leo tunajua mamia ya aina za bakteria wanalo. Wanasayansi wanaliita tabaka la S.

Sikiza hesabu yake. Mara nyingi tabaka lote limejengwa kwa protini ya aina moja tu, inayojirudia. Unene wake kwa bakteria wengi ni kama nanomita 5 hadi 10, na unywele wako mmoja una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kufunika seli moja kunahitaji protini karibu nusu milioni. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 lazima atoe zaidi ya 400 kila sekunde, na kila moja ijipeleke mahali pake. Kati ya kabro hizo kuna vitundu vya nanomita 2 hadi 8, na kwenye tabaka moja vinatoshana sawasawa.

Aliyelichukulia tabaka hili kwa uzito maisha yake yote ni Uwe Sleytr wa Vienna, Austria. Mwaka wa 1975 alichapisha kwenye jarida la Nature kwamba ukilibomoa tabaka la bakteria mmoja hadi protini moja moja, ukaondoa kemikali uliyobomolea, protini zinajipanga upya. Na si lazima zirudi kwa mwenyewe: zinaweza kujipanga juu ya ukuta wa bakteria wa aina nyingine. Yaani maelekezo ya ujenzi yamo ndani ya tofali lenyewe.

Hapo ndipo mambo yalianza kuchangamka. Miaka ya 1980, kikundi cha Vienna kilitumia tabaka hili kutengeneza vichujio vyembamba sana, kwa sababu hakuna kiwanda kilichoweza kutoboa vitundu vinavyolingana hivyo. 1997, watafiti wakalitumia kama kiolezo cha kupanga chembe ndogo mno za kadimiamu salfaidi, madini yanayopitisha umeme kwa kiasi. 2002, wakaunganisha jeni ya protini ya tabaka na jeni ya protini nyingine inayonasa vitu, zikatoka kama kitu kimoja. Sasa kila kabro inakuja na ndoano yake juu.

Ndoano ina maana gani kwako? Fikiria kile kipimo cha malaria cha tone la damu. Ndani kuna kingamwili zinazokamata alama ya ugonjwa. Shida ni kwamba ukizibandika kingamwili juu ya kifaa ovyo ovyo, nyingine zinalala chali na nyingine zinaangalia chini, na iliyoangalia chini haikamati kitu. Tabaka la S linaweza kuzishika zote zikiwa wima, mikono nje, kwa nafasi sawa. Zikikamata vizuri, kipimo kinaweza kugundua ugonjwa hata alama zake zikiwa chache. Tusidanganyane lakini: sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara. Usiende famasi ya mtaani kuulizia.

Halafu kuna upande wa pili. Koti hili hulinda pia wabaya. Bakteria wa kimeta analo. Kimeta si hadithi ya mbali. Julai 2019 kiliua nyati katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, na mtu anaweza kukipata kwa kula nyama ya mnyama aliyekufa nacho. Mwaka huohuo wa 2019, watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba kingamwili ndogo, za aina iliyogunduliwa kwanza kwa ngamia, zinaweza kulivunja koti hilo, na panya walioambukizwa wakanusurika. Huwezi kumvua adui koti ambalo hukujua anavaa.

Sasa hesabu: kutoka 1953 hadi zile kabro zenye ndoano ni miaka 49. Kama mwaka wa 1954 mtu angemfuata Houwink na swali la ugali, angejibu nini? Hakuwa na jibu. Hata mimi nisingekuwa nalo. Ndiyo maana ninaona tunakosea tunapodai kila utafiti uahidi bidhaa kabla ya kupewa pesa, na tunapomcheka kijana aliyechagua kitu ambacho hakina jina la kazi linaloeleweka mezani.

Sisemi ugali si muhimu. Kodi ni kodi. Lakini nchi inayosubiri wengine waangalie kwanza, itanunua kipimo kwa bei ya walioangalia. Disemba hii maanko wakiuliza tena, nitamsongezea binamu kiti na kuwaambia wamwachie aongee.