Muasi, mkaidi au mhaini?

Tumezoea kumwita "muasi" kila mhusika anayesimama dhidi ya dola katili katika riwaya na filamu. Kiswahili kina maneno zaidi ya hilo. Mkaidi hukataa kutii, hata kama hana haja ya kuangusha utawala. Muasi huyapinga mamlaka yenyewe. Mhaini huwageuka wale aliopaswa kuwatumikia.

Katniss Everdeen wa *The Hunger Games* (riwaya 2008, filamu 2012) anaanza kwa ukaidi. Anajitolea kuingia uwanja wa mashindano ya kuuana badala ya mdogo wake, kisha yeye na mshindani mwenzake Peeta wanatishia kula matunda ya sumu ili watawala wakose mshindi. Anachotaka ni kuokoa roho. Wananchi ndio wanaokiona kitendo hicho kuwa uasi, naye anajiunga nao baadaye.

Winston Smith wa riwaya ya George Orwell (1949) ni kinyume chake. Ana nia ya kuasi tangu mapema, lakini hana umma nyuma yake, na mwishowe anateswa hadi anampenda Kaka Mkubwa, kiongozi wa dola aliyotaka kuiasi.

Guy Montag wa riwaya ya Ray Bradbury (1953) ameajiriwa kuchoma vitabu. Anapovificha nyumbani kwake, mkuu wake wa kazi ana kila sababu ya kumwona mhaini.

Basi mhakiki, kabla hujaandika "muasi", jiulize: huyu amekataa amri, amepinga mamlaka, au amewageuka wenzake?