Uhura Alisahau Kila Kitu, Isipokuwa Kiswahili

Ukikaa kwenye kibanda umiza chochote hapa Majengo, Songea, utaisikia tu. Shujaa wa filamu akifanya jambo la kioga, mtu wa benchi la nyuma anapaza sauti: "Aa, huyu siye!" Leo nakuletea "huyu siye" ya zamani kidogo, iliyorushwa kwenye televisheni ya Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Nimeichagua kwa sababu ilinisaidia kuelewa kitu kilichotokea nyumbani kwetu.

Tamthilia ni Star Trek, sehemu iitwayo "The Changeling", iliyoandikwa na John Meredyth Lucas. Luteni Uhura ni ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga Enterprise. Jina lake limetoka kwenye neno letu uhuru. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilohilo. Ni mtu makini, kazi yake ni kusikia na kusema kwa niaba ya chombo kizima. Siku hiyo anaimba akiwa kazini. Mashine iitwayo Nomad inamsikia, haielewi kuimba ni kitu gani, na inaamua kumchunguza. Inamfuta kila kitu kichwani.

Baadaye tunamwona akiwa na nesi Chapel, anafundishwa kusoma maneno mafupi kama mtoto wa darasa la kwanza. Anakwama, anakasirika. Halafu kinamtoka Kiswahili.

Sasa hapo mtu wa benchi la nyuma ana haki ya kuuliza: kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimetoka wapi? Kwani Nomad iliruka ukurasa mmoja? Na daktari McCoy anasema ndani ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Hiyo ya wiki moja hata mimi siimezi. Lakini ile ya Kiswahili usiitupe haraka.

Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kumbukumbu zikianza kuporomoka, mpya hutangulia na za zamani hubaki mwisho. Ukiipeleka kwenye lugha, maana yake ile uliyoanza nayo utotoni ndiyo itakayokung'ang'ania. Mwaka 1895 daktari wa Bordeaux, Albert Pitres, akaja na wazo tofauti baada ya kuchunguza wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja waliopata afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia. Yeye alisema inayorudi kwanza ni lugha mtu aliyokuwa ameizoea zaidi wakati anaugua, iwe ya utotoni au siyo. Kwa Uhura, basi, Ribot angetegemea Kiswahili. Pitres angetegemea Kiingereza, lugha aliyofanyia kazi kila siku.

Bibi yangu, mama yake mama, alipata kiharusi akiwa hapa Majengo. Alipozinduka wodini alianza kuongea, tena kwa kasi, na sisi wajukuu tuliosimama pale hatukuelewa hata neno moja. Nesi, binti mdogo aliyetoka mkoa wa mbali, alitwambia kwa upole kwamba bibi amechanganyikiwa, anatoa maneno yasiyo na maana. Tukaamini. Tulikaa siku mbili tukimjibu "pole bibi, pumzika bibi", naye akizidi kukasirika. Bibi tunayemjua sisi hagombi. Huyu siye, tukawa tunaambiana koridoni.

Siku ya tatu mjomba akafika kutoka kijijini. Akainama, akasikiliza, akaanza kujibu. Kumbe mama yake anaongea Kingoni kilichonyooka, na alikuwa anauliza swali lilelile kwa siku mbili: nani anawalisha kuku wake?

Naona aibu mpaka leo. Sikuwa mtu wa kusingizia kutojua. Afasia nilishaisoma darasani, Ribot na Pitres nilishawajibia mtihani. Sikufikiria kwamba lugha inayofichwa chini ya nyingine, pale kitandani, ilikuwa Kingoni, na kwamba Kiswahili chetu ndicho kilikuwa kimekaa mahali pa Kiingereza cha Uhura.

Kiswahili kilifikaje pale juu? Angalia tena ule mwaka 1967. Januari yake Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, mzaliwa wa Songea hiihii, alitangaza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Mwaka huohuo kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Bibi wakati huo alikuwa mama wa watoto. Kiswahili alikipata sokoni baada ya kuolewa mjini. Watoto wake wakakipata shuleni, sisi tukakipata tumboni. (Wangoni wenyewe, ukitaka kucheka, walifika huku kutoka kusini mwa Afrika karne ya 19 wakiwa na lugha nyingine, wakaishia kuongea lugha ya wenyeji waliowakuta.)

Je, bibi amemthibitisha Ribot? Hapana bwana. Alikuwa ameongea Kiswahili kila siku kwa miaka zaidi ya hamsini, kwa hiyo kwa hesabu ya Pitres kingetangulia, na hakikutangulia. Lakini mgonjwa mmoja si sheria. Michel Paradis wa Montreal, aliyekusanya taarifa za wagonjwa wengi wa namna hii, alionyesha kwamba mara nyingi zaidi lugha zote hurudi pamoja. Kwa wengine hupishana, na wapo ambao moja ikipanda nyingine inashuka.

Ukiwa na mzee wako wodini, basi, mwambie daktari mapema ni lugha zipi anazozijua na alianza na ipi. Na mtafute anayeijua.

Kiswahili cha bibi kilirudi baada ya wiki kadhaa, kipandekipande. Sentensi yake ya kwanza iliyokamilika alimwambia muuza dagaa aliyepita barazani, na ilikuwa ya kumkatalia bei.